Kikombe cha Samunge: Tiba ya Mara Moja kwa Maradhi ya Kudumu, 2011

Mwanzoni mwa mwaka 2011 maelfu ya wagonjwa walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, kunywa kikombe cha dawa kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT. Dawa ilichemshwa kutokana na mizizi ya mugariga, mti uliokuwa ukitumika katika tiba za asili kabla ya hapo. Kikombe kiliuzwa shilingi 500. Miongoni mwa maradhi yaliyodaiwa kupona ni kisukari, pumu, saratani na UKIMWI.

Wapo wanaolieleza tukio hili kwa neno moja: ujinga. Maelezo hayo hayatoshi, kwani miongoni mwa wanywaji walikuwamo mawaziri na wasomi, watu ambao hospitali haikuwa ngeni kwao. Yafaa kuyatazama maradhi yenyewe. Mwenye pumu huambiwa asitengane na dawa yake. Mwenye kisukari hupangiwa mlo, vidonge au sindano kwa maisha yake yote. Hospitali ilitoa nafuu isiyo na mwisho, ilhali Samunge iliahidi mwisho: kikombe kimoja, mara moja, kwa bei ileile kwa waziri na kwa mchungaji wa mbuzi. (Nauli, bila shaka, ilikuwa habari nyingine.)

Mwasapile alishikilia pia kwamba dawa hufanya kazi ikitolewa kwa mkono wake, kwa kuwa nguvu yake ilitoka kwa Mungu. Sharti hilo liliiweka maabara pembeni: wataalamu wangeweza kuupima mzizi, lakini si dai lenyewe. Serikali nayo, baada ya kutaka huduma isitishwe, ililegeza msimamo na kujikuta ikisimamia msafara wa magari.

Kuna tatizo la ushahidi ambalo watafiti hawajalipa uzito wa kutosha. Magazeti ya Machi 2011 yalijaa picha za foleni. Wagonjwa walifika kwa makundi, mbele ya kamera. Walioacha dawa za kufubaza virusi kisha wakazidiwa walirejea kliniki mmoja mmoja, wengine kwa aibu, na wengine hawakurejea. Anayetegemea magazeti hayo pekee ataandika historia ya safari ya kwenda. Ya kurudi haina budi kutafutwa katika rejista za kliniki, ambamo mgonjwa aliyetoweka huweza kuonekana kama tarehe iliyopita bila yeye kufika, pasipo sababu kuandikwa.