Mawimbi Yaliyopita Tunduma

Kabla ya barabara ya lami, bomba la mafuta la TAZAMA na reli ya TAZARA, nyanda za kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika zilipitiwa na waya. Mkoloni Mwingereza Cecil Rhodes alitaka simu ya maandishi (telegrafu) iunganishe Cape Town na Cairo. Nguzo zake zilitoka Karonga, zikapita Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa karibu na Tunduma ya leo, mji wa mpakani na Zambia, zikaendelea hadi Abercorn, na mwanzoni mwa karne ya 20 zikafika Ujiji. Zilikomea hapo.

Mapigo yaliyopita katika waya ule yalikuwa mawimbi ya sumakuumeme. Mwaka 1865 mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha kwamba umeme na usumaku hubebana na kusafiri pamoja kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwamba mwanga wenyewe ni wa ukoo huo. Miaka ya 1880 mwanafizikia Heinrich Hertz akayarusha mawimbi hayo hewani bila waya. Redio, joto la moto, mwanga na eksirei vinatofautiana kwa urefu wa wimbi tu: wimbi likifupika, idadi ya mitikisiko kwa sekunde huongezeka.

Kwa mawimbi hayo, Wajerumani walijenga vituo vya simu ya upepo (telegrafu isiyo na waya) Dar es Salaam, Bukoba na Mwanza. Mnara wa Dar es Salaam waliulipua wenyewe Agosti 1914, na kituo cha Bukoba kikaharibiwa na Waingereza Juni 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofikia ukingoni, jeshi la jenerali Mjerumani Lettow-Vorbeck lilipita Fife likielekea Kasama. Ulaya ilinyamazisha mizinga tarehe 11 Novemba 1918, lakini huku watu waliendelea kupigana hadi tarehe 13. Habari ilimfikia jenerali huyo kupitia mjumbe wa Waingereza aliyekamatwa akiwa na pikipiki yake. Wapagazi na askari waliokufa katika siku hizo mbili walikufa kwa kukosa habari.

Kipindi ninachokithamini kuliko vyote ni cha masafa mafupi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 kituo cha taifa kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kutoka huko hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 700 hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Dunia imepinda, na wimbi halipenyi ardhi. Lakini juu angani, kuanzia kilomita 100 hivi na kuendelea, jua huchaji hewa nyembamba kwa umeme, na wimbi la mita 60 au 41 likigonga tabaka hilo hurudishwa chini. Ndiyo maana mkulima wa kahawa wa Mbozi aliweza kusikia taarifa ya habari bila mnara wowote wilayani. Alifunga waya mrefu mtini uwe eria, betri zikichoka akazianika juani, na usiku akavumilia sauti iliyopanda na kufifia, kwa sababu tabaka lile halitulii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini mbele ya redio za aina hiyo. Wala mpaka haukuwa kizuizi: ng'ambo, Lusaka ilirusha matangazo yake kwa masafa mafupi pia, na tangu 1949 Waafrika wa huko waliuziwa redio ya betri yenye umbo la sufuria.

FM ilileta sauti safi, ila wimbi lake la mita 3 hivi huenda moja kwa moja na kuzuiwa na milima. Nyanda za juu za Unyiha hulipata kwa urahisi. Bonde la Momba chini ya mteremko huhitaji mnara wake. Wimbi la simu ya mkononi, lililo fupi zaidi, hutaka minara mingi zaidi. Leo mkongo wa taifa wa mawasiliano unavuka mpaka Tunduma kuingia Zambia ukibeba mwanga usioonekana kwa macho, na wimbi limerudi ndani ya uzi, safari hii wa kioo.

Wenye redio za zamani huko Vwawa, Ileje na Kamsamba, msiziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zipelekeni shuleni, mwalimu wa fizikia azifungue mbele ya wanafunzi, na wazee waliozisikiliza waitwe wasimulie, masimulizi yao yarekodiwe wangali hai.