Kimbiji na Kappad: Vijiji Viwili, Upepo Mmoja

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, wengi watasimulia habari za vijiji vya mababu. Nasi twaanza huko, ila safari yetu itaishia karibu zaidi.

Kappad ni kijiji cha wavuvi katika jimbo la Kerala, kaskazini mwa mji wa Kozhikode, ambao zamani uliitwa Calicut. Kina ufuo wa mchanga, minazi, na hekalu juu ya mwamba unaoikabili bahari. Hapo, kwa mapokeo ya wenyeji, ndipo Vasco da Gama aliposhuka mwezi Mei 1498. Husahauliwa kwamba njia hakuijua: alipewa rubani Malindi, akavuka kwa siku zipatazo 23. Njia ilikuwa ya kale. Mgeni alikuwa yeye.

Sasa tuitazame Kimbiji, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, iliyokuwa sehemu ya Temeke na leo imo Kigamboni. Hapa pia pana mchanga, minazi na wavuvi. Kusi inayovuma pwani hii huvuka Ikweta, ikafika Kerala mwanzoni mwa Juni ikiwa imebeba mvua. Kaskazi, ianzayo mwishoni mwa mwaka, ndiyo iliyoleta vyombo upande huu. Katika pwani zote mbili makumbi ya nazi yaliachwa majini kwa miezi, yakapondwa, yakasokotwa kamba. Na kwa kamba hizo mbao za vyombo zilishonwa bila msumari.

Jirani na Kimbiji, huko Mbwamaji, ambako leo ni Gezaulole, yapo magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Pwani hii ilikuwa na wenyewe kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860.

Leo mashamba ya Kimbiji yanapimwa viwanja, na visima virefu vimechimbwa ili maji yake yanyweshe jiji. Baadhi yetu tumenunua ardhi huko. Twakiri kwamba twaijua mito ya Kerala kwa majina, lakini hatujamwuliza mzee wa Kimbiji ni nani aliyepanda minazi tuliyoikuta.

Basi twaomba vijana wetu waende na daftari, wabishe hodi, waketi wasikilize, kabla minazi haijakatwa na makaburi hayajazungushiwa kuta za watu wasioyajua.