Ile Hela: Historia ya Namba Ngeni

"Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la Fulani."

Ujumbe huu hauna salamu. Hauna jina la aliyeuandika, wala hausemi ni hela gani, ya nini, kiasi gani. Hata hivyo sidhani kama ni rahisi kumpata Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kuupokea. Umeshakuwa utani wa vijiweni: rafiki akitaka kukopa nauli, anaanza na "ile hela" na wote mnacheka.

Ila tazama neno la kwanza. Mwandishi hakusema "hela", alisema "ile hela". Kwa Kiswahili neno hili likitangulia jina, mara nyingi halionyeshi umbali tena. Linamwambia msikilizaji kwamba kinachotajwa tunakijua sote wawili: ile habari, yule mtu, ile siku. Tapeli hajui kama una hela ya kumpa mtu. Anachojua ni kwamba anaishi katika nchi ambayo karibu kila mtu, wakati wowote, anadaiwa kitu na mwenzake: kodi ya chumba, ada ya mdogo wake, mchango wa harusi, rambirambi, hela ya mbolea kwa wazee kijijini. Ujumbe ukiwafikia watu mia tano, watakuwepo wachache ambao asubuhi hiyohiyo wamemwahidi mtu kumtumia kitu. Hao wakisoma "ile", wanamalizia wenyewe. Tapeli ameacha nafasi tupu, na anayetapeliwa ndiye anayeijaza kwa jina la mwenye nyumba wake.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nilipoanza kufuatilia jambo hili nilidhani linaanzia kwenye simu. Haliko hivyo. Mwaka 1828 Eugène-François Vidocq, mhalifu wa Kifaransa aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris, alianza kuchapisha kumbukumbu za maisha yake. Humo anaeleza kuhusu wafungwa wa gereza la Bicêtre waliokuwa wakiandika barua kwa watu wenye uwezo mikoani, watu wasiowajua kabisa. Mwandishi wa barua hujifanya mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi. Sanduku la mali limefichwa mahali fulani, yeye amekamatwa, na anahitaji fedha kidogo tu ili mali hiyo ipatikane na wagawane. Barua hizo ziliitwa barua za Yerusalemu. Vidocq anasema kati ya mia moja, ishirini zilikuwa zikijibiwa.

Baadaye mtindo huo ulijulikana kwa Kiingereza kama utapeli wa Mfungwa wa Kihispania, na mwishoni mwa karne ya 19 magazeti ya Marekani yalikuwa yakiwaonya wasomaji dhidi yake. Katika miaka ya 1980 ukaibuka upya Nigeria kwa barua na faksi, ukapewa jina la kifungu cha sheria ya makosa ya jinai ya nchi hiyo: 419. Na kwa jirani zetu Wakenya, simu ya kitapeli ina jina la gereza. Mtu akipigiwa na sauti inayosema "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie", wenzake watamwambia hiyo ni Kamiti, kwa sababu ni jambo linalofahamika kwamba wafungwa wa gereza hilo la nje kidogo ya Nairobi wamekuwa wakiingiza simu kwa siri na kufanya kazi hiyo ndani ya kuta. Kutoka Bicêtre hadi Kamiti ni karibu miaka mia mbili, na mfungwa bado anaandika.

Kwa hiyo uongo wenyewe ni wa zamani. Kilichobadilika ni mlango unaopitia, na mlango huo una historia yake.

Simu za mwanzo zilikuwa na mtu katikati. Uliinua mkono wa simu, ukaongea na opereta, naye akakuunganisha kwa kuchomeka waya. Opereta alijua nani anampigia nani. Mwaka 1891 Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City, alipata hataza ya mtambo unaounganisha simu wenyewe. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na opereta mmoja aliyekuwa na undugu na mshindani wake, ambaye kila mfiwa alipoomba kuunganishwa na Strowger alimpeleka kwa yule mwingine. Kituo cha kwanza cha mtambo wake kilifunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Kwetu mtu wa katikati alikaa muda mrefu zaidi. Wazazi wetu walioishi miji ya wilaya wanakumbuka kwenda posta kuomba simu ya mbali, kukaa kwenye benchi, na kusubiri kuitwa. Opereta alikuwa mmbea, alikuwa na upendeleo, lakini alikuwa shahidi. Alipoondoka, tulipata faragha, na mpigaji akabaki bila mtu wa kumjua njiani.

Kisha ikaja simu ya kiganjani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 muda wa maongezi ulikuwa ghali, na vijana wa Afrika Mashariki wakabuni lugha yao: kubipu. Unapiga, inaita mara moja, unakata. Maana yake ni "nipigie, sina salio". Ilikuwa ni adabu kumpigia aliyekubipu, hasa kama ni mdogo wako au mtu wa kijijini. Wajapani wao walikuwa na neno kama hilo kwa uhalifu: wangiri, kuita mara moja na kukata. Tapeli anakubipu kutoka namba ya ng'ambo, wewe unapiga kwa wema au kwa udadisi, na kila dakika unayosikiliza muziki wa kusubirishwa inatozwa bei ya juu ambayo sehemu yake inamrudia yeye. Kwetu wangiri haikuhitaji kumfundisha mtu chochote, maana tulishajifunza wenyewe kwamba simu iliyokatika ni ombi la ndugu.

Hata hivyo mpaka hapo mwizi wa simu alikuwa akipata vocha tu. Mambo yalibadilika Machi 2007 Safaricom walipozindua M-Pesa Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania. Sasa simu ikawa pochi. Mtoto wa mjini aliyekuwa akimkabidhi kondakta wa basi bahasha ya mama aliweza kuituma akiwa kitandani. Ni moja ya mambo makubwa yaliyotokea katika maisha ya kizazi changu, na sitaki kulidharau. Lakini bahasha ya kondakta ilikuwa inachelewa, na kuchelewa huko kulikuwa na faida yake: mtu aliweza kufikiri tena kabla basi halijaondoka.

Wenye mitandao waliliona hilo, wakaweka kinga. Kabla hujathibitisha muamala, unaonyeshwa jina la mpokeaji. Ni kinga nzuri, na imeokoa hela nyingi zilizokuwa ziende kwa namba iliyokosewa tarakimu moja. Sasa rudi kwenye ule ujumbe: "jina litakuja la Fulani." Tapeli ameisoma kinga, akaiandika ndani ya mtego. Amekuandaa mapema, ili lile jina usilolijua, ambalo lilipaswa kukushtua, likutulize. Umeambiwa litakuja, na kweli limekuja.

Serikali nayo iliweka kinga yake. Usajili wa laini Tanzania ulianza 2009 na ukapewa nguvu ya sheria mwaka 2010. Mwaka 2019 ukaja usajili wa alama za vidole, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo zikaanza kufungwa. Tunakumbuka zile foleni za kutafuta namba ya NIDA. Wengi tuliamini kwamba kila laini ikishakuwa na kidole chake, tapeli hatakuwa na pa kujificha. Alichofanya ni kutafuta vidole vya wengine. Chini ya mwavuli wa barabarani unaweka kidole, unaambiwa hakijasoma, weka tena; na cha pili kinaweza kusajili laini usiyoiona kamwe. Ndiyo maana leo tunaambiwa tupige *106# tuone ni namba ngapi ziko kwa jina letu. Kenya, mji mdogo wa Mulot umepata sifa mbaya kwa jambo la mbele zaidi: kuihamisha namba ya mtu kwenye laini nyingine, hadi mwenye namba ashtuke simu yake haina mtandao.

Hili si letu peke yetu. Marekani waliamini kwamba simu ikionyesha namba ya anayepiga, wasumbufu wataisha. Mwaka 2003 wakafungua orodha ya kitaifa ya watu wasiotaka kupigiwa na wauza bidhaa. Kampuni zinazofuata sheria ziliiheshimu. Matapeli walijifunza kuonyesha namba za bandia, tena zinazofanana na za mtaa wa anayepigiwa ili adhani ni jirani. Ukizipanga habari hizi pamoja unaona mwendo mmoja: kila tulipoongeza kitu cha kumtambulisha mpigaji, tapeli alikivaa.

Jambo la pili linaloonekana ni kwamba tapeli hatafuti mjinga, ingawa tunapenda kusema hivyo ili tujione salama. Anatafuta mwenye wajibu. Anampigia mzazi mwenye mtoto shule ya bweni na kusema mimi ni mwalimu, mtoto ameanguka, yuko hospitali, daktari anataka hela kabla ya kumshughulikia. Anampigia mpangaji tarehe za mwisho wa mwezi. Asiyempenda mtu na asiyedaiwa na mtu ni vigumu kumtapeli.

Hapo ndipo hasara inapozidi hela iliyoibiwa. Mwaka jana mjomba wangu alianguka na bodaboda. Simu yake ilivunjika, kwa hiyo nesi aliyempokea alichukua ya kwake mwenyewe na kupiga namba aliyotajiwa na mgonjwa. Mama yangu alitazama namba asiyoijua, akaiacha iite. Ikaita mara tatu. Kisha ukaja ujumbe: ndugu yako yuko wodini, tafadhali piga. Mama akausoma kwa sauti, akacheka, akasema, "Hawa nao, leo wamekuja na hospitali." Habari za kweli alizipata jioni kwa jirani wa mjomba, ambaye namba yake anaijua.

Mjomba alipona. Lakini mama hakukosea. Namba ngeni, ugonjwa, haraka: kila dalili tuliyowahi kuonywa ilikuwepo. Nesi alifanana na tapeli kwa sababu tapeli alishajifunza zamani kufanana na nesi. Mgonjwa wa kweli akalala peke yake mchana mzima.

Je, tofauti yao iko wapi? Haiko kwenye namba, na historia yote hii inaonyesha kwamba haitakuwepo kwenye namba. Iko kwenye kitu kimoja ambacho hata mfungwa wa Bicêtre hakuweza kukificha: tapeli hawezi kuruhusu umuulize mtu mwingine. Ndiyo maana anakuambia usikate simu, usimwambie mtu, tuma sasa hivi, taja namba ya siri nikusaidie. Nesi ukimwambia, "Asante, nakata, napiga mapokezi ya hospitali," atakujibu sawa. Mwenye nyumba ukimwambia, "Nakupigia kwenye ile namba yako ya siku zote," atapokea. Huduma kwa wateja za kweli zina namba inayojulikana, 100 kwa mitandao ya Tanzania, na Safaricom husema hupiga kwa 0722 000 000 tu. Hata hivyo iliyo salama ni simu unayoipiga wewe, si unayopigiwa. Ujumbe wa kitapeli unautuma kwenda 15040 kabla ya kuufuta, ili namba ile ifungiwe kabla haijamfikia mwingine.

Adabu hii hatukuitoa nje. Kwenye nyumba zetu mgeni hupiga hodi akiwa nje. Anaulizwa nani, anajitaja, na asipopata karibu mara ya tatu anaondoka bila kinyongo. Mwenye nyumba hakuwa mkorofi kwa kuuliza, na mgeni hakuvunjiwa heshima kwa kusimama mlangoni. Simu iliingia ndani bila kupitia pale mlangoni, lakini swali lenyewe hatukulipoteza. Bado tunapokea tukisema, "Halo, nani mwenzangu?"

Siku hizi mama anapokea namba ngeni. Anauliza hivyo, kisha ananyamaza. Anayejitaja anasikilizwa, halafu anaambiwa asubiri apigiwe. Anayejibu, "Yaani hata sauti yangu umeisahau?" mama hamsaidii kutafuta jina. Anamwambia, "Nimeisahau, baba. Jitaje." Mara nyingi simu inakatika hapo.