Herufi zenye ukungu: historia ya maandishi kwenye kioo cha kompyuta

Tarehe mosi Julai mwaka 1980, gazeti la The Columbus Dispatch, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, lilikuwa gazeti la kwanza la kila siku nchini humo kuwapelekea wasomaji habari zake kwa kompyuta. Lilitumia huduma ya CompuServe, kampuni iliyoasisiwa katika jiji hilo hilo mwaka 1969. Gazeti la San Francisco Examiner lilipofuata njia hiyo, msomaji alihitaji zaidi ya saa mbili kupokea toleo zima kwa waya wa simu, kwa malipo ya dola 5 kila saa.

Hivi leo katika mtaa wa Linden, kaskazini mwa Columbus, jiji ambalo Wasomali wengi wamehamia tangu miaka ya 1990, kusoma kwenye kioo si anasa tena. Fomu za kazi, za shule na za uhamiaji hujazwa humo. Tarakimu 3 ikionekana kama 8, tarehe ya kuzaliwa huharibika, na msomaji huanza kuyashuku macho yake.

Aghalabu macho hayana kosa.

Vioo vya zamani, vile vyenye mgongo mkubwa, vilichora herufi kwa mwale wa elektroni. Kingo za herufi zilikuwa laini kidogo, lakini kioo kiliweza kupokea picha za vipimo mbalimbali. Vioo bapa vilivyoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikuja na sharti jipya: idadi ya nukta zake haibadiliki.

Chukua kioo chenye nukta 1024 kwa 768. Kompyuta ikikipelekea picha ya nukta 800 kwa 600, kila nukta hulazimika kutanda juu ya nukta moja na robo hivi. Kwa kuwa nukta haigawanyiki, rangi yake humwagikia jirani, na ukungu huzaliwa. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya kompyuta na kuchagua kipimo cha asili cha kioo.

Sababu nyingine ilikuwa waya. Kiungo cha VGA, kilicholetwa na IBM mwaka 1987, kilibuniwa kwa vioo vya zamani, na kioo bapa kilipaswa kukisia mahali pa kila nukta. Ndiyo maana vingi viliwekewa kitufe cha kujirekebisha.

Ushindi wa theluthi ya nukta

Mwezi Novemba mwaka 1998, mjini Las Vegas, Bill Gates alitangaza mbinu ya ClearType. Kila nukta ya kioo bapa ina vipande vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Mbinu hiyo ilikitumia kila kipande peke yake, hata mistari ya wima ikachorwa kwa usahihi zaidi. Kwa Kiswahili, chenye maneno kama "walililia" na "aliitii", yaliyojaa mistari myembamba ya wima, faida hiyo ilikuwa dhahiri.

Hata hivyo, Windows XP ya mwaka 2001 ilikuja na mbinu hiyo ikiwa imezimwa. Aliyejua aliiwasha, asiyejua aliendelea kukodoa macho, hadi Windows Vista ilipoiwasha yenyewe mwaka 2007.

Mwaka 2010 simu ya iPhone 4 ilikuwa na nukta 326 katika kila inchi, na ukungu ukadhaniwa umekwisha. Ukarudi kwa mlango mwingine: programu za zamani zilivutwa ili zitoshe kwenye vioo vipya, na mwaka 2018 Microsoft ikaongeza katika Windows 10 chaguo la kuzirekebisha.

Wanaobaki nyuma katika historia hii ni wanaopokea mashine zilizokwisha kutumika, iwe Linden au katika shule za Kenya, ambako shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati kompyuta kuukuu tangu mwaka 2002. Kioo huweza kufika kikiwa kizima, lakini maelezo yake yakabaki kwa mwenyewe wa kwanza. Kabla ya kukitupa, au kununua miwani, inafaa kwanza kukagua kipimo cha nukta, kisha waya.