Simba wa Zizini ni Mali ya Nani?

Katika madarasa ya siasa wanafunzi hutuuliza: kama ng'ombe hufugwa, huchinjwa na huuzwa bila lawama, kwa nini simba asifugwe akauzwa? Swali hili si la kipuuzi, na wanaolijibu kwa machozi tu hawajalijibu. Hatuna budi kulianzia kwenye umilikaji na historia yake.

Afrika Kusini inatufundisha mengi. Kwa sheria ya zamani iliyoletwa na Waholanzi, mnyama wa porini hakuwa na mwenyewe mpaka akamatwe, na akitoroka alirudia hali hiyo. Mwaka 1991, utawala wa makaburu ukiwa unaelekea ukingoni, ilipitishwa sheria ya wizi wa wanyamapori: mwenye shamba lenye uzio wa kutosha na cheti cha serikali anabaki mmiliki wa mnyama wake hata akivuka uzio. Tangu hapo uzio ukawa hati ya kumiliki. Lakini nani alikuwa na ardhi ya kuzungushia uzio? Sheria ya Ardhi ya 1913 ilikuwa imewatengea Waafrika, yaani wananchi walio wengi, kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi, na ile ya 1936 ikafikisha kama 13. Waliopora ardhi ndio waliokuja kumiliki na nyati, na swala, na simba.

Tusiwe wavivu wa fikra tukasema kila kitu kilikuwa hasara. Malisho yaliyochakaa yalirudishwa kuwa pori, na zaidi ya nusu ya vifaru weupe wa nchi ile wamo mikononi mwa watu binafsi. Hata hivyo, mwaka 2023 mfugaji mwenye vifaru 2,000 aliwapiga mnada asipate mnunuzi hata mmoja, kwa kuwa biashara ya pembe kati ya mataifa imepigwa marufuku na gharama zilimshinda. Shirika la African Parks ndilo lililowanunua ili liwarudishe porini. Mnyama anayehifadhiwa kwa sababu ya bei tu, bei ikianguka hana mtetezi.

Kwa simba mambo ni mabaya zaidi. Mtoto hunyang'anywa mama akiwa na siku chache, ili mama apate joto mapema azae tena. Watalii hulipa kumshika na kupiga naye picha. Akikua kidogo hulipa kutembea naye. Akiota manyoya ya shingo, mgeni hulipa kumpiga risasi ndani ya uzio. Mwisho mifupa husafirishwa Asia ya Kusini-Mashariki kushika nafasi ya mifupa ya chui-milia. Mnyama mmoja huuzwa mara nne! Televisheni ya Uingereza ilianika uwindaji huo mwaka 1997, na leo simba wa zizini wanakadiriwa kuwa kati ya 8,000 na 12,000.

Serikali ilipotaka simba aachiwe ajitafutie chakula kwa miezi 24 kabla ya kuwindwa, wafugaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawapa ushindi. Hoja yake yafaa ikumbukwe: ufugaji huu hauna uhusiano na uhifadhi wa simba wa porini. Wateja lakini huambiwa kwamba fedha zao zinaokoa simba! Mwaka 2017 iliruhusiwa kuuzwa nje mifupa ya simba 800, na 2018 ya 1,500. Agosti 2019 Mahakama Kuu ya Pretoria ilitamka kuwa viwango hivyo vilikiuka sheria, kwa sababu ustawi wa wanyama wenyewe haukufikiriwa.

Sasa turudi kwa ng'ombe. Yeye ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, analisha na kuozesha, na aliyemfuga anamjua kwa rangi. Mhadzabe naye humfuata mnyama kwa miguu, na mnyama ana nafasi ya kumkwepa. Simba wa zizini hana ufugaji wa yule wala uhuru wa huyu.

Hapa kwetu Mjerumani kwa amri ya 1896 aliubana uwindaji wa Mwafrika kwa vibali na ada, na mwindaji wa kijiji akaanza kuitwa mhalifu. Baada ya Uhuru wanyamapori waliwekwa kuwa mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Sheria ya 2009 haikufuta msingi huo, ila inaruhusu ranchi, mashamba na bustani za wanyamapori kwa leseni. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwamo, walipakiwa ndege ya Qatar katika uwanja wa Kilimanjaro. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai ukapigwa marufuku. Juni 2022 ulitangazwa kufunguliwa kwa muda, na tangazo likasitishwa mara moja. Kila leseni ya shamba inayoombwa yafaa kuulizwa kama mnyama atakayezaliwa ndani ya uzio bado ni wa umma.

Huko Afrika Kusini, mwaka 2024 Baraza la Mawaziri lilikubali mpango wa kuwashawishi wafugaji wa simba waache kwa hiari. Simba wenyewe hawawezi kuachiwa porini, na wafanyakazi waliokuwa wakiwalisha wanahitaji kazi nyingine.