Kabla Hujaandika "Kabemendwa": Historia ya Mtoto Asiyetaka Kula

Leo tuachane kidogo na nani kaachana na nani. Tuongee kuhusu neno moja linalotembea sana kwenye komenti za mjini.

Mchezo mnaujua, sitaji jina la mtu. Staa anaposti mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto kapungua mashavu, kanuna, sahani imejaa mbele yake na kijiko kakitupa chini. Dakika tano hazipiti, watu washafika: "Huyo kabemendwa." "Mama mtu hajatulia." Hakuna anayeuliza mtoto anakula nini, mara ngapi kwa siku, wala nani anashinda naye. Hukumu ishatoka.

Kwa asiyelijua neno lenyewe: ukikaa na bibi wa Maneromango kule Kisarawe, au wa Mlandizi kule Kibaha, atakwambia wazazi wakikutana kimwili wakati mama bado ananyonyesha, au mmoja wao akichepuka halafu akaja kumpakata mtoto, basi mtoto anaharibika. Anakonda, analialia, anachelewa kutembea, chakula anatema. Na lawama mara nyingi zinamwangukia mama.

Sasa msiwacheke wazee. Ule mwiko ulikuwa na kazi yake. Enzi hizo hakukuwa na sindano wala vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo kuwatisha baba na mama ilikuwa njia ya kumlindia mtoto ziwa lake kwa miaka miwili hivi. Mimba ikiingia mapema, mtoto anaachishwa ghafla. Ziwa linapakwa shubiri au pilipili, au mtoto anapelekwa kwa bibi akasahau huko. Anatoka kwenye maziwa anaingia kwenye uji mtupu wa muhogo au mahindi, wakati huohuo kapoteza mgongo na mapaja ya mama. Akikonda na kununa, utamlaumu? Wazee waliona tukio sawasawa kabisa. Walichokosea ni sababu.

Na wala si Pwani peke yake. Mwaka 1933 daktari mmoja, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast (ndiyo Ghana ya leo), aliandika kuhusu watoto wadogo wanaovimba miguu, ngozi inabanduka na nywele zinabadilika rangi. Mwaka 1935 akautangazia ulimwengu ugonjwa huo kwa jina ambalo wenyeji wa Accra tayari walikuwa nalo kwenye lugha yao ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Sisi kitaalamu tunauita unyafuzi, mtaani kwashakoo.

Umeona hapo? Accra na Kisarawe, watu wasiojuana kabisa, waligundua kitu kilekile: mtoto anaharibika anapokuja mwingine. Ila neno la Accra linamtazama mtoto aliyepokonywa ziwa. Neno letu linachungulia kitanda cha wazazi.

Kuna jambo lingine madaktari wa zama hizo waliliona. Mtoto mwenye unyafuzi ana huzuni na hasira. Anageuza uso, hataki kuguswa, na pamoja na njaa yote hiyo hataki kula. Wodini ikawa inajulikana kwamba mtoto akitabasamu, ujue kaanza kupona. Maana yake yule aliyekuwa akimchapa mtoto wa namna hiyo kwa "ukaidi" alikuwa anamchapa mgonjwa.

Habari ya hasira za watoto inatupeleka kwa majirani zetu Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala kwa sababu mumewe alipata kazi huko. Badala ya kukaa nyumbani, akaanza kuzunguka vijiji vya jirani akiwa na mkalimani. Familia 26, watoto 28, anawatembelea kila baada ya wiki mbili, anakaa kama saa mbili anaangalia tu mama na mtoto wanavyoishi. Watoto waliokuwa wametulia zaidi walikuwa na mama wa aina gani? Mama anayemjua mwanawe. Yule ambaye ukimuuliza habari za mtoto anakueleza mpaka vitu vidogo, na mtoto akitoa ishara anaiona mapema. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967, na mengi ambayo dunia inafundishwa leo kuhusu mtoto kumzoea mlezi wake yana mizizi kwenye nyumba hizo za Buganda.

Turudi nyumbani. Baada ya Uhuru maadui walitajwa watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Pale Kibaha mwaka 1963 kukawa na makubaliano na nchi za Nordiki, na mradi wake ukakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Ndilo Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Cheki walivyopanga: shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, vyote sehemu moja. Yaani walishaelewa kwamba afya ya mtu haianzii dirisha la dawa. Inaanzia shambani, inapita darasani.

Mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huohuo kukawa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa kwenye vikundi vijijini, wanasikiliza redio, wanajadiliana, halafu wanatoka kwenda kutekeleza. Hiyo ndiyo ilikuwa mitandao ya kijamii ya bibi na babu zetu, ila wao komenti zao ziliishia na jembe mkononi.

Kisha ikaja Iringa. Kuanzia mwaka 1983 serikali pamoja na UNICEF na WHO waliendesha mradi wa lishe kwenye vijiji 168. Watoto wakawa wanapimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na majibu yanajadiliwa na kijiji kizima. Kumbe tatizo kubwa lilikuwa mama yuko shamba kutwa nzima, mtoto anakula mara mbili tu kwa siku, tena uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa kilo 10 linabeba kama mililita 300 hivi, pungufu kidogo ya soda ya chupa. Ukilijaza maji, nguvu itatoka wapi? Ukimpikia uji mzito nao anashindwa kumeza. Wataalamu wetu wakaanza kusisitiza kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa. Ukiweka kidogo kwenye uji mzito unalainika, mtoto anakunywa vizuri na nguvu inabaki palepale. Pamoja na hayo kukawa na sehemu za kuwalishia watoto wakati wazazi wakiwa kazini. Ndani ya miaka mitano hivi, utapiamlo mkali ukashuka kutoka kama watoto 6 kati ya 100 hadi kama 2. Na hakuna kijiji kilichohitaji kuchunguza nani kalala na nani.

Sasa njoo Kibaha na Kisarawe za leo. Shamba limekuwa Kariakoo na Posta. Mama anatoka Maili Moja au Kisarawe mjini saa kumi na moja alfajiri, mtoto kalala. Anarudi saa mbili usiku, mtoto kalala tena. Mchana yupo na dada wa kazi, na akilia anapewa juisi, biskuti na simu yenye katuni. Jioni tumbo limeshajaa sukari, halafu tunashangaa wali na maharage kavikataa. Maswali ni yaleyale ya Iringa: nani yuko na mtoto, anakula mara ngapi, na ndani ya uji kuna nini?

Ila si kila mtoto anayesusa ni mgonjwa, jamani. Mwaka wa kwanza mtoto anafikisha uzito mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili anaongeza kama kilo mbili na nusu tu. Mwili unakua polepole, hamu ya kula lazima ipungue. Hapohapo anaanza kuogopa vyakula vigeni na kugundua kwamba neno "sitaki" lina nguvu. Huko Chicago, daktari Clara Davis aliwahi kuwaachia watoto 15 wachague wenyewe kati ya vyakula 34 vya asili. Siku moja moja walikula vituko vitupu, ila kwa muda mrefu walikua vizuri. Lakini tuelewane: mezani hapakuwa na biskuti wala soda. Mkubwa ndiye aliyechagua cha kuweka, mtoto akachagua kiasi.

Kwa hiyo ile ya kumlaza mtoto miguuni, kumbana pua na kummiminia uji mdomoni tuiache. Anaweza kupaliwa vibaya, na anajifunza kwamba kijiko ni adui. Mpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, mezani pamoja na wengine. Uji uwe na karanga au maziwa, mboga iwe na dagaa au maharage, na kisamvu cha nazi tunacho hapahapa. Akikataa leo, mpe tena keshokutwa bila ugomvi. Chakula kipya huenda ukamwonjesha hata mara kumi ndipo akikubali. Akiangua kilio, subiri atulie kwanza, msosi baadaye.

Lakini akipungua uzito, akivimba miguu, akipoa na kuacha kucheza, hapo hakuna cha kusubiri. Kadi mkononi, kliniki.

Na hapa ndipo komenti yako inapouma. Mama anayejua kwamba mtoto akionekana kakonda watu watamchambua ndoa yake, atamfunika khanga na kubaki ndani. Siku anayofika kliniki mtoto kashachoka. Neno ambalo zamani lilikusudiwa kumlinda mtoto, leo linamchelewesha kupata msaada.

Siku nyingine ukikutana na picha ya mtoto kanuna mbele ya sahani, iwe ya staa au ya jirani yako wa Mlandizi, muulize mama yake anakula mara ngapi, na kama kuna mtu wa kumsaidia. Haya wadau, kwenu mtoto akisusa chakula mnafanyaje? Tupeni mbinu, matusi hapana.