Nani Ana Amri, Nani Anakosa: Kupima Rasilimali za Biashara Mpya ya Chakula Bukoba na Muleba

Anayetaka kuanzisha biashara ya chakula Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, huambiwa aanze kwa kuorodhesha alivyo navyo: kibanja, sufuria, akiba kidogo, ujuzi wa mapishi, ndugu walioko Dar es Salaam. Ushauri huo ni wa haki, lakini haufiki mbali. Orodha ya mali huonyesha kilichopo nyumbani. Haionyeshi nani ana amri juu ya kila kilichomo ndani yake, wala kama jirani wa pili na wa tatu hawana kitu kilekile. Katika makala hii ninadai kwamba maswali hayo mawili, la amri na la uhaba, ndiyo yanayopaswa kutangulia, na kwamba katika wilaya hizi swali la amri ni zito kuliko la uhaba, ingawa nadharia za biashara hulipita kana kwamba limekwisha kujibiwa.

Edith Penrose, katika kitabu chake cha 1959 kuhusu ukuaji wa kampuni, alitofautisha rasilimali na huduma zinazopatikana kutokana nayo. Ardhi ileile au mtu yuleyule hutoa huduma tofauti kulingana na anayeitumia na anachokijua. Mwaka 1991 Jay Barney aliweka vigezo ambavyo sasa vinafundishwa katika vyuo vingi: rasilimali humpa mwenye nayo nguvu ya kudumu sokoni iwapo ina thamani, ni adimu, ni vigumu kuigwa na haina mbadala. Wote wawili waliandika wakiiwazia kampuni, chombo chenye mipaka inayojulikana, ambamo mali ya kampuni ni ya kampuni. Mjasiriamali wa Kamachumu au Kemondo hana mipaka ya namna hiyo. Mali anayoitegemea imefungamana na ukoo, ndoa na madeni.

Tuanze na kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani. Rutuba ya kibanja cha Mhaya, mwenyeji wa wilaya hizi, haikuletwa na udongo peke yake. Mvua nyingi za ukanda wa ziwa huosha virutubisho, na ardhi ya rweya inayozunguka vijiji ni maskini. Kibanja kimetengenezwa kwa vizazi, kwa samadi ya ng'ombe, kwa nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, kwa mabaki ya jikoni yaliyorudishwa shambani. Hiyo ni rasilimali ambayo fedha haiinunui kwa msimu mmoja, na kwa kigezo cha Barney ni vigumu mno kuigwa. Lakini ni ya nani? Mwanamke anayeijua migomba ya nyumbani mmoja mmoja, anayejua upi unafaa kupikwa na upi wa kukamuliwa, mara nyingi amekuwa mtumiaji tu wa ardhi ya ukoo wa mumewe au wa baba yake.

Jambo hili lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, kutokana na shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake aliiuza mwaka 1988, na ndugu wa ukoo akadai kwamba mila ya Wahaya, kama ilivyoandikwa katika tamko la sheria za mila la 1963, haimruhusu mwanamke kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba katazo hilo ni la kibaguzi na linakinzana na haki zilizomo katika Katiba, hivyo wanawake wawe na haki sawa na wanaume wa ukoo. Hukumu hiyo inasomwa katika vitivo vya sheria mpaka leo. Inastahili kusomwa pia na wanaofundisha ujasiriamali, kwa kuwa inaonyesha wazi pengo kati ya kuitumia mali na kuwa na amri nayo. Asiyeweza kuiuza ardhi ni vigumu kuiweka dhamana, na asiye na uhakika wa kubaki nayo hatajenga juu yake banda la kukaushia ndizi.

Amri huweza kupotea hata pale jina la mwenye shamba halina utata. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua butura: kahawa inauzwa ikiwa bado maua au punje mbichi mtini, kwa fedha ndogo, kwa sababu ada ya shule au matibabu hayasubiri mavuno. Anayetaka kuanzisha biashara ya kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kukaushwa ambayo Wahaya wamempokelea mgeni kwa vizazi, anaweza kuandika kwamba ana mibuni ya kutosha. Ikiwa mavuno yameshauzwa kwa butura, alicho nacho ni kazi ya kuchuma tu. Kwa hiyo tathmini ya rasilimali ingefaa ianze na daftari la madeni kabla ya kwenda shambani.

Swali la uhaba linaonekana vizuri zaidi kwa senene, panzi wanaoliwa, na hapa ndipo ninapoona ushauri mwingi ukipotoka. Kila mwenye wazo la biashara ya chakula Bukoba huwataja. Wanajulikana nchini kote kama chakula cha Kagera, wanaliwa kwa furaha, na msafiri hawezi kurudi Dar es Salaam bila kuulizwa kama amewabeba. Msimu mkubwa huja na mvua za Novemba na Desemba, mwingine mdogo hufuata mvua za masika. Usiku taa kali huwavuta, mabati yaliyosimamishwa huwatelezesha, nao wanaangukia kwenye mapipa. Lakini wakishuka, wanashukia mji mzima. Bei inaporomoka wiki ileile ambayo kila mtu anao. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, eneo la Masaka nchini Uganda lina wategaji wengi wanaolisha soko la Kampala. Kuwa na senene wakati wa senene si nguvu ya mtu yeyote.

Kilicho adimu ni senene wa Machi na wa Agosti. Mdudu huyu ana mafuta mengi kiasi kwamba hukaangika kwa mafuta yake mwenyewe, na mafuta hayohayo ndiyo yanayomharibu: yakikutana na hewa na mwanga yanachacha, na ladha inageuka. Anayejua kukausha hadi kiwango sahihi, kukaanga bila kuunguza, na kufunga kwenye kifungashio kisichopitisha hewa wala mwanga, ana kitu ambacho jirani mwenye taa na mabati hana. Ongeza hapo kazi ya kunyonyoa mabawa, miguu na papasi. Kazi hiyo lazima ifanyike upesi, kwa mikono mingi, kabla mzigo haujaharibika. Mtu anayeweza kuwaita watu ishirini usiku wa manane, wakaja kwa sababu wanamwamini kwamba asubuhi watalipwa, ana rasilimali adimu kuliko mashine ya kufungia. Tena hapa swali la amri linarudi. Katika mila za zamani za Wahaya, wanawake na watoto ndio waliokusanya senene, na walaji walikuwa wanaume. Mila hiyo imelegea sana. Bado inafaa kuuliza, katika kikundi chochote kinachosajiliwa leo, kama mikono inayonyonyoa ndiyo inayopokea fedha.

Senene wana udhaifu mwingine: hawafugwi kwa kiwango cha biashara, na kuna miaka wanakuja wachache. Biashara inayowategemea wao peke yao haina uhakika wa malighafi hata iwe na ujuzi kiasi gani. Ujuzi wa kukausha na kufungasha, hata hivyo, unaweza kuhamishiwa kwenye dagaa. Hapo visiwa vya Muleba, Bumbire, Goziba, Ikuza na vingine, vinatoa nafasi ambayo nadhani haijathaminiwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na wengi bado huanikwa mchangani. Mvua ikinyesha wanaoza, na wakikauka wana mchanga, hivyo sehemu yao huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chini. Chanja ya miti na nyavu kuukuu haihitaji mtaji mkubwa. Mchuuzi wa Bukoba mwenye mwanawe au shemeji kisiwani, anayeweza kumwambia aanike juu ya chanja na kumtengea mzigo huo, anamshinda mwenye fedha nyingi anayenunua mwaloni kama wengine.

Ndizi nitazigusa kwa ufupi. Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa mara ya kwanza Tanzania huko Muleba mwaka 2006, ukawaumiza hasa waliotegemea ndizi za kainja kwa ajili ya juisi na pombe ya rubisi, kwa sababu wadudu hueneza ugonjwa kupitia ua dume la ndizi hiyo. Anayeanza leo kusindika juisi ya ndizi asihesabu mashina. Ahesabu mashina yanayokatwa ua dume kwa wakati kwa kijiti chenye panda, na visu vinavyosafishwa kutoka mgomba hadi mgomba. Na shamba la jirani asiyefanya hivyo ni sehemu ya hesabu yake, apende asipende.

Msomaji anaweza kunipinga kwamba nimeutukuza ujamaa wa ndugu. Göran Hydén, mtaalamu wa siasa aliyefanya utafiti wake wa awali Buhaya, nchi ya Wahaya, katika miaka ya 1960, baadaye aliandika kwamba mahusiano ya undugu huwapa wakulima kinga dhidi ya soko na dola. Naikubali sehemu ya hoja hiyo, ila kinga hiyo ina gharama. Mama lishe wa sokoni Bukoba anapata matoke kwa mali kauli kutoka kwa shangazi yake, na shangazi huyohuyo humleta mpwa ale bure. Undugu unaoleta mzigo kwa mkopo unachukua chakula kwa mkopo pia. Njia ya uaminifu ni kuandika pande zote mbili: nani anaweza kunipa kitu bila fedha taslimu, na nani siwezi kumdai.

Yote haya yanagusa utaratibu wa mikopo ya halmashauri. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) linafundisha usindikaji, na tangu 2019 usajili wa vyakula uko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Vyombo vipo. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, kiko kwenye andiko la mradi lenyewe: linauliza kikundi kina nini, kinahitaji shilingi ngapi na kitarejesha lini. Kikundi cha Muleba kinachoomba fedha za kukaushia senene kiulizwe pia eneo la banda liko kwa jina la nani, nani mwingine anadai mavuno ya wanachama, na kitauza nini mwaka ambao senene hawatashuka.